Rangi ya Mlango wa Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Nauza gari. Basi, nimeandika. Nauza.

Nilimwambia mke wangu asubuhi akiwa anapiga pasi. Hakushangaa — na hilo ndilo lililoniudhi. Miaka ishirini na mbili tuko watatu nyumba hii: mimi, yeye, na gari la milango miwili analoliita Bi Harusi kwa sababu halitoki mvua ikinyesha. Nilitegemea angalau "kwa nini?" moja. Wapi! Kasema tu, "Sawa. Limekutumikia." Akageuza kola ya shati. Limekutumikia! Utadhani punda.

Sababu niliyompa: spea zimeadimika. Sababu yenyewe imo kwenye barua ya daktari wa macho, mfukoni mwa koti langu la mvua. Presha ya macho. Upande wa kushoto, pembeni, sioni tena, na kilichokwisha potea hakirudi. Nisiendeshe. Muuguzi aliyenipa dawa ya matone aliniuliza kama nyumbani wanajua. Nikasema bado. "Baba," akasema, "mficha maradhi..." akaniachia nimalizie mwenyewe. Sikumalizia.

Jumapili, 2 Machi

Bei. Nimeshinda kwenye simu nikisoma matangazo ya magari kama langu. Moja milioni tisa, majani yameota hadi kwenye magurudumu. Jingine milioni thelathini, picha zinang'aa kupita kiasi, mwenyewe hapokei simu. Sasa langu liwe wapi? Lina miaka ishirini na nane. Kilomita elfu themanini na moja tu. Oili kila miezi sita, liende lisiende. Viti vile hakuna aliyewahi kuvilia hata biskuti.

Na kubwa kuliko yote: rangi ya kiwandani, buluu iliyokoza. Wapenda magari ya zamani wanalipia hiyo. Rangi ikirudiwa tu, wanawaza ajali, bei inaporomoka. Kwa hiyo nimeandika kwenye tangazo: "Rangi ya kiwandani, haijawahi kurudiwa."

Ni kweli. Karibu.

Basi si kweli! Mwezi wa kwanza, nikiingiza gari, nguzo ya geti — ile ile ambayo haijasogea tangu tujenge — iliukwangua mlango wa kushoto mwanzo hadi mwisho. Sikuiona kabisa. Ndicho kilichonipeleka kwa daktari. Mke wangu alikuwa kwa dada yake siku nne. Nikamwita fundi wa rangi, akaurudia mlango mzima, akachanganya buluu mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kutofautisha. (Kwa macho haya!) Nguzo nikaipaka chokaa.

Mimi, mkaguzi wa mizani! Miaka ishirini na tisa nazunguka madukani. Nimempeleka mtu mahakamani kwa jiwe la kilo lililopungua gramu thelathini.

Bei: milioni ishirini na nne.

Jumanne, 4 Machi

Kaja dalali, yule wanayemwita Fasta. Kasema kumi na mbili, hata kabla hajafunga mlango wa geti. "Mzee, unauza gari au unauza mapenzi?" Nikamwambia vyote viwili kwa pamoja. Anasema watu siku hizi wanataka gari la kubeba watoto watano na magunia, si viti viwili na kelele.

Akaomba alijaribu. Nikakataa — simwamini Fasta hata na baiskeli. Akasema basi mimi nimzungushe. Nikasema betri haina chaji. Betri nzima! Akaondoka anacheka: chema chajiuza, Mzee, tutaona.

Alipotoka tu nikapandisha bei. Thelathini. Asinunue mtu!

Sasa nimekaa hapa najiuliza muuzaji gani huyu anayewafukuza wateja kwa bei. Sijui ninachotaka. Nikilala nauza, nikiamka siuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Simu kumi na moja. "Bei ya mwisho?" "Bei ya mwisho?" Hata hawajaliona! Mmoja anataka tubadilishane na kiwanja. Mwingine kauliza kama mbuzi watatu wanaenea nyuma. Nyuma ipi?

Leo nimelifuta vumbi mara tatu. Halina vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeendesha.

Nilitaka kuona kama daktari anajua anachosema. Mpaka kituo cha mafuta na kurudi, basi. Sikumwita mke wangu. Nawasha injini, huyo, kaja na mkoba wake, kafungua mlango, kakaa. Tunakwenda wapi? Kujaza mafuta. Haya.

Njia nzima: "Pikipiki hiyo." "Kuna mtoto huku." "Geti, mume wangu, geti." Zamani alikuwa hasinzii mahali pengine ila kwenye kiti kile, mwaka huu amegeuka kondakta. Nikamfokea, nani dereva hapa? Akanyamaza. Halafu nikatamani asinyamaze.

Mtoto nilimwona baada ya yeye kumtaja. Si kabla. Alikuwa na mfuko wa unga kichwani, anatembea zake pembeni, wala hana habari.

Nimerudi jasho limefika kwenye soksi. Sirudii. Mimi ni mtu wa hatari barabarani, hakuna neno zuri la kulifunika hilo.

Jumatano, 12 Machi

Mteja! Wa kweli. Daktari wa mifugo, mwanamke, ana magari mawili ya zamani tayari. Hakuuliza bei ya mwisho. Kauliza oili gani natumia, kauliza taa za kuchomoza kama zinapanda pamoja au moja inachelewa. (Zinapanda pamoja!) Nilifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wanawe. Kisha akauliza, na rangi haijarudiwa?

Nikasema haijarudiwa.

Kwenye tangazo ilikuwa maandishi tu. Leo imetoka mdomoni. Anakuja Jumamosi saa tatu.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage, kasikia kila kitu. "Likiondoka, jioni zako utafanya nini?" Nikasema nitatembea. Kasema, "Tutatembea." Sikupenda ile "tu". Au niliipenda mno, sijui.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu kumwambia. Mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kumuuliza kama ameona miwani yangu. Mara ya pili nikasema maharage yana chumvi. Hayakuwa nayo.

Naogopa. Si upofu — daktari wa macho anasema matone yatazuia. Naogopa siku atakaponishika mkono kuvuka barabara. Naogopa atakavyowaambia watoto kwenye simu kwa sauti ile ya chini, ya kuzungumzia wagonjwa. Leo bado mimi ni mtu mwenye gari, kalichoka, analiuza. Kesho kutwa nitakuwa nani?

Jumamosi, 15 Machi, saa nne na nusu asubuhi

Nimejifungia chumbani. Naandika upesi.

Daktari wa mifugo kafika saa tatu kamili. Kalizunguka gari kama anakagua ng'ombe mwenye mimba — kagusa, kainama, kasikiliza. Kalipenda! Nilimwona. Halafu akatoa kwenye mkoba kidude cha ukubwa wa kiberiti, akakibandika kwenye boneti. Kinapima unene wa rangi. Mizani! Kila mahali anaposhika anasoma namba kwa sauti: mia na kumi. Mia na kumi na tano. Mia na nane. Akahamia kushoto. Mia tatu na arobaini.

Akarudia. Mia tatu na arobaini.

"Mzee, mlango huu umerudiwa rangi." Bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Niambie tu ilikuwaje. Nikijua, nakupa ishirini na sita leo hii. Nisipojua, hata kwa kumi silitaki, maana sitajua mangapi mengine sijaambiwa."

Maneno yale! Ndiyo niliyokuwa nawaambia wenye maduka. Nikaanza kuufuta mlango kwa mkono wa shati.

Mke wangu alikuwa kasimama kibarazani na trei ya chai. "Ni mimi," akasema. "Nililipeleka kwenye nguzo ya geti. Mwenzangu kaficha kwa kunisitiri mimi, msamehe."

Mke wangu hajui kutia gia. Hajawahi kukalia kiti cha dereva hata kwa picha. Na ile wiki alikuwa kwa dada yake. Na nguzo — nani alimwambia nguzo? Sijawahi kulitamka neno hilo mbele yake.

Daktari kacheka, kasema nguzo zina mambo. Ishirini na sita, basi. Tena: "Mzee, nizungushe kidogo nisikie injini. Gari linaendeshwa vizuri na mwenyewe." Nikasema nakwenda kuleta kadi ya gari. Kadi iko mfuko wa shati. Hii hapa.

Nikitoka nikakaa nyuma ya usukani, namuua mtu wa watu. Nikikaa kimya, nimeuza gari kwa uongo wa mke wangu, ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake.

Anagonga mlango. Ni yeye. Namsikia:

"Daktari yuko tayari."

Naigeuza kadi ya gari mkononi.

"Nimemwambia mguu unakusumbua, ataendesha mwenyewe." Kisha pole pole, karibu kabisa na tundu la ufunguo: "Au una lingine la kumwambia, mume wangu? Kama unalo, niko hapa. Tutoke wote."

Naona ncha za ndala zake chini ya mlango. Haondoki. Hagongi tena. Nje daktari amewasha injini, inaunguruma vizuri, na mimi naweka kalamu chini, naenda kumfungulia.