Picha Sita na Mama wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 11 Oktoba
Darasa la Kiswahili kama kawaida, chumba cha chini ya kanisa, Riverdale Park. Watoto tisa. Nimebandika ukutani picha sita za zamani, za watu weusi wa hapa Marekani walipodai haki zao. Watoto wamechoka na nyanya na vitunguu vya kitabuni. Wanakulia hapa, basi wajue kusema kwa Kiswahili ubaguzi, kura, maandamano. Wananijibu kwa Kiingereza, lakini wanajibu.

Picha iliyowanyamazisha ni ya watoto wenzao wakipandishwa gari la polisi. Msichana mmoja ana mswaki kwenye mfuko wa kifuani. Wa nini? wakauliza. Nikawaambia: alijua atalala jela, akajiandaa. Hakuna aliyecheka.

Kuna mama mgeni, Mkongo, Mama Gloire. Hakumwacha binti yake na kwenda zake kama wengine. Alikaa kiti cha nyuma saa mbili nzima, hasemi neno. Mwishoni akapiga ukuta wote picha kwa simu. Sikupenda.

Jumamosi, 18 Oktoba
Amekuja tena. Kiti kilekile. Safari hii na daftari. Nikisema jambo, anaandika. Nikinyamaza, haandiki.

Nilimwuliza kama anapenda somo. "Ndiyo, mwalimu." Basi. Macho sakafuni.

Nimemweleza Wairimu, anayefundisha wadogo chumba cha pili. Ndiye rafiki yangu wa kweli hapa, yeye wa Nyeri, mimi wa Njombe. Akasema niwe mwangalifu, siku hizi huwezi kujua nani ni nani. Nimerudi nyumbani na hilo neno kichwani.

Jumanne, 21 Oktoba
Mchungaji kaniita ofisini. Barua, imepigwa chapa, haina jina, imepenyezwa chini ya mlango. Alinisomea mwenyewe, hakunipa hata kuishika. Eti nawajaza watoto siasa za watu wengine. Eti sisi ni wageni, na mgeni hachokonoi vidonda vya mwenye nyumba. Mchungaji hana ubaya, anaogopa tu. Anataka niziondoe picha, au darasa lisimame kwanza.

Nimeomba wiki mbili. Karatasi zangu za ukaazi bado zinashughulikiwa. Jina langu likifika mahali pabaya, nani atanitetea?

Mkongo. Ni yeye. Daftari, simu, macho sakafuni.

Nimemwambia Wairimu kuna barua. Maneno yaliyomo sikumtajia. Naona aibu hata kuyarudia.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia wazazi hawakai tena darasani, ni sheria mpya. Sheria niliitunga pale pale. Nikamwambia afute zile picha. Alizifuta mbele yangu, moja moja. Gloire amesimama kati yetu na begi lake mgongoni.

"Na daftari?" nikauliza.

Alinipa. Sikulifungua mbele yake. Akamshika mtoto mkono, wakaondoka wote wawili.

Nilijisikia vizuri. Naandika ukweli.

Usiku nimelifungua. Ni maneno yangu ya ubaoni. Haki. Kura. Andamana. Na pembeni yake Kiingereza, kwa mwandiko wa mtu anayejifunza. Hakuna kingine, kurasa zote.

Bado sijaamini. Mjanja anaweza kuwa na madaftari mawili.

Jumatano, 29 Oktoba
Wairimu alipiga simu nikiwa kwenye basi. Anataka nikubali yaishe. "Wewe toa tu hizo picha, dada. Mgeni hachokonoi vidonda vya mwenye nyumba."

Maneno yaleyale ya barua. Niliteremka kituo ambacho si changu.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimemfuata Wairimu maegesho ya kazini kwake, nikaingia garini mwake, nikamwuliza kuhusu barua. Hakukana.

"Nilikuwa nakulinda," alisema. "Mtoto akirudia hayo maneno shuleni, mzazi akalalamika, nani ataitwa? Na hauna karatasi."

"Ungeniambia usoni."

"Ungenisikiza?"

Hapana. Nisingemsikiliza. Lakini aliniacha nimwinde mama wa watu wiki nzima na akanyamaza. Nilimwambia hilo. Alilia. Mimi sikulia. Nilishuka nikafunga mlango taratibu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumapili, 2 Novemba
Baada ya ibada nilimwambia mchungaji picha hazitoki. Kama ni kufunga darasa, alifunge yeye, awaambie watoto yeye mwenyewe.  Akasema nitumie chumba cha juu, chenye madirisha, ili kila mzazi aone kinachofundishwa. Sikutegemea.

Halafu nikaenda kwa Mama Gloire, ghorofa ya pili. Nilibeba daftari na nakala mpya za picha zote sita. Alifungua mlango nusu.

Nikasema nilimkosea. Nikasema ile sheria ilikuwa uongo, na barua aliandika mtu mwingine. Sikutaja nani.

"Barua gani?" akauliza.

Hakujua hata kwamba kuna barua. Ilibidi nimweleze nilimdhania nini. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole:

"Mi niko nachunga mumama moja muzee, ni kazi yangu, kule Columbia Heights. Hasemaka kitu, siku yote dirishani. Nilimuonesha ile picha ya batoto, akasema mpaka chakula ikapoa. Yeye pia walimufunga, alikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye pia alibeba muswaki. Saa hii kila siku ananiuliza, picha iko wapi? Namwambia simu iliharibika."

Nikamnyooshea bahasha ya picha. Alipokea bahasha, akapokea daftari. "Asante, mwalimu." Hakusema karibu. Nilishuka ngazi nikijua ni haki yake.

Jumamosi, 8 Novemba
Chumba cha juu. Jua limeingia hadi ubaoni. Watoto saba. Wairimu hakuja, alituma ujumbe kwamba anaumwa. Sijamjibu bado. Nitamjibu.

Saa nne na nusu akaingia Gloire, na mama yake nyuma. Nilisema karibu. Mama alisimama mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikajiacha nitazamwe.

Kisha akavuta kiti, akavua koti.