Lusungu, Walikuita Fundi Ungali Darasa la Sita

Ni mwaka mmoja sasa, Lusungu mwanetu, tangu upigwe shoti juu ya paa la jirani hapa Bunju. Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Ulikuwaga na huruma wewe. Redio ya bibi yako ikinyamaza, huendi kucheza mpaka iongee. Shikamoo inatangulia, bisibisi inafuata. Kaptula zako zilijaa skrubu, kila nikifua naokota.

Mtaa ukakuita fundi. "Fundi, pasi yangu haichemki." "Fundi mdogo, feni imegoma, njoo nikupe soda." Watu wazima na ndevu zao! Hakuna aliyeuliza nani kakufundisha umeme.

Mie mama yako niliishia la saba, lakini nilijua kichwa hiki kinataka mtu wa kukiongoza. Nikaenda shuleni kuomba mwalimu wa sayansi akae nawe hata siku moja kwa wiki. Nikajibiwa, "Mama Lusungu, huyo anajiweza. Tuache tuhangaike na wanaofeli." Maswali yako wakayaita ujuaji, wakakuhamishia dawati la nyuma.

Anajiweza! Mtoto akiwa na akili nyingi ndiyo aachwe nazo peke yake?

Jumamosi ile mama jirani akakuita umuunganishie waya wa saluni yake. Mdogo wako Tekla, aliyekushikia ngazi, alikusikia ukisema, "Mama, hiyo sijaisoma bado." Jirani akacheka: "We si fundi bwana, panda!" Ukapanda, maana hukuzoea kumkatalia mkubwa. Msibani akatuambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakukuita saluni. Aliyekuita anajijua.

Wazazi wenzangu, mwenye mtoto wa namna hii asichekelee sifa za mtaani. Amtafutie mwalimu, na akinyimwa asinyamaze.

Maana Tekla naye ameshaanza kufungua saa ya ukutani, na juzi mtu kamletea jagi la umeme: "Mpeni fundi mpya." Nimelirudisha kwa mkono wangu, na maneno aliyapata. Jumatatu baba yenu na mie tunakwenda shuleni, na hatutoki ofisini mpaka tutajiwe mwalimu wake.

Unakumbukwa na baba yako Isack, mama yako Genoveva, mdogo wako Tekla, bibi yako Tusajigwe na baba yako mdogo Stanley wa Mabibo.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, mwanetu. Na Tekla hawampati.