Ubeti Wako Katika Riddim ya Watu Wanne

Kwako Kassim, mtalaka wangu,

Najua uko Diani na hujambo, maana sauti yako inanifikia hapa Msambweni kila bodaboda ipitapo. Ulinisema hadharani, kwa hiyo nakujibu hadharani.

Unaikumbuka siku riddim yenu ilipotoka? Uliweka simu katikati ya jamvi, mama yako akaketi kama anayesubiri tangazo la kuandama kwa mwezi. Ukaimba wewe. Kisha mdundo uleule ukaanza upya na mwanamume mwingine akaimba juu yake, na mwingine, na mwingine. Mama akadhani umeibiwa. Kesho yake alivaa buibui akaenda studio Ukunda kudai ngoma ya mwanawe. Fundi wa muziki akamweleza kwa adabu kwamba mdundo ni wali tu, kila mwimbaji huja na mchuzi wake. Akarudi akakuuliza, "Sasa mwanangu, mbona mchuzi wako ndio maji?"

Nilicheka. Nafikiri hukunisamehe kicheko kile.

Wenzako walikuwa na la kusema. Mmoja alimwimba marehemu baba yake, mwingine kiu ya kwao Kinango, wa tatu aliwatukana polisi. Wewe ulikuwa na sauti ya puani na Sheng ya kuokota kwa vijana wa bara, ambayo hata kuitamka hujui. Watu waliuruka ubeti wako. Ndipo ukarudi studio ukaingiza maneno mapya, ukaniimba mimi. "Shamba la mawe, limelimwa hadi jembe limevunjika," ndicho kiitikio chako. Talaka ilikuja baadaye, wimbo ulitangulia. Katika harusi ya binti wa shangazi yangu wanawake waliitikia kiitikio hicho, mpaka mmoja akaniona akaziba mdomo.

Juzi ulimtuma mama yako. Nilimwamkia, nikampa chai. Akasema unaposa huko Diani na unaniomba nikusitiri. Jambo lenyewe hakulijua, alileta maneno kama alivyopewa. Mimi nalijua. Tulikaa benchi moja hospitalini, daktari akasoma majibu yangu, akasema sina tatizo, kisha akasoma yako. Tulipotoka ulinishika mkono ukasema, "Mwanaisha, nisitiri. Wakiuliza, tuseme tunasubiri majaliwa." Nikasema hivyo kwa mama yako, kwa mama yangu, na kwa kila aliyenitazama tumbo. Niliendelea kusema hivyo hata baada ya shamba la mawe.

Siku ile ya benchi nilikupenda kuliko siku zote. Leo sikupendi wala sikuonei huruma.

Mama yako nimemweleza yote, ili asiyasikie barabarani. Hakulia. Alitoa simu yake na kuniomba nimfutie wimbo wako. Nikaufuta.

Baba wa binti unayemposa ataisoma barua hii kabla yako. Nitampelekea mwenyewe, mkononi, na nitamngoja aimalize.

Aliyekuwa mkeo na stara yako,
Mwanaisha