Kipa Anayezidi Kuwa Mtoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti wa chama cha soka kanitwisha zigo. Timu ya vijana chini ya miaka kumi na saba inasafiri Jumatatu ijayo kwenye mashindano, na majirani zetu wameshafungiwa kwa kupeleka mababu. Kwa hiyo mimi, karani wa usajili, nihakiki umri wa kila mchezaji na kuweka sahihi. Akikamatwa hata mmoja, kazi anapoteza aliyesaini. Mwenyekiti mwenyewe hawezi kusaini, mkono unamuuma. Unamuuma tangu achaguliwe!

Vyeti vya kuzaliwa vyote vipya, vinanukia wino. Yaani hawa wote wamezaliwa wiki iliyopita?

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa kompyuta kanionyesha maajabu. Kumbe kuna hifadhi mtandaoni inayotunza kurasa za zamani, hata kama mwenyewe alishazifuta. Unaandika anwani ya tovuti ya klabu, unachagua mwaka, unaona ilivyokuwa siku ile.

Nimeanza na kipa wetu, wanamwita Kinda. Mungu wangu! Miaka kumi na moja iliyopita, klabu yake ya kwanza: picha yake, ndevu zake, "kipa mpya, miaka 18". Miaka sita iliyopita, klabu nyingine: 19. Miaka mitatu iliyopita: 17. Leo mezani kwangu: 16. Tukimwachia huyu, mwisho atarudi kunyonya.

Nimecheka mpaka mhasibu kaja kuchungulia. Halafu nikakumbuka sahihi ni yangu. Kicheko kikaisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea kocha ile picha ya ndevu. Kaitazama weee, kisha anasema huyo ni marehemu kaka yake Kinda, walifanana sana. Na jina? Alimrithi. Na kovu juu ya jicho? Eti ukoo wao ndivyo walivyo. Sikumwambia kwamba kwenye picha ileile, kachuchumaa pembeni na jezi ya kipa wa akiba, yupo yeye mwenyewe kocha!

Mwenyekiti kasema nisiamini mtandao, una virusi. Halafu kwa sauti ya chini kaniuliza kama na kurasa zake yeye zimehifadhiwa. Ha!

Jioni nimepita mazoezini. Kinda kanikimbilia: "Shikamoo, mama." Mama! Mimi nina thelathini na mbili. Nimeitikia marahaba. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Machi

Sijasaini. Mwenyekiti kapita mezani kwangu akipiga mluzi. Karudi, bado anapiga.

Ijumaa, 7 Machi

Leo angalau raha. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, katangaza: mchumba anakuja Jumapili kujitambulisha. Ana gereji yake. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kauliza nani kajifungua.

Baba sharti lake ni lilelile, tangu yule wa kwanza alipovunja uchumba kwa sababu mama yake kamkataza. "Simpi binti yangu mtoto wa mtu anayehitaji kulelewa. Nataka mwanamume aliyekomaa." Mdogo wangu kasema kakomaa kabisa, ana ishirini na tisa, na cheti cha kuzaliwa anakuja nacho. Nimemkumbatia. Alilia sana kwa ajili ya yule wa kwanza. Safari hii namwombea kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Machi

Chooni. Nimejifungia, nimekaa juu ya ndoo, naandika.

Mchumba kaja na suti. Kovu juu ya jicho. Kinda! Kaniona, "shika—" ikamtoka, akaimeza. Na mshenga wake? Kocha! Kakaa kwenye kochi letu kama hajawahi kuniona tangu azaliwe.

Mdogo wangu kanivuta jikoni. Anajua yote. Dada, ni mashindano haya tu, akirudi anaacha mpira. Nikamwambia timu itafungiwa na mimi kazi sina. Akaanza kulia. Nikaanza na mimi.

Tumerudi sebuleni, baba kashika cheti, anasoma: ishirini na tisa. Karidhika, uso unang'aa. Hapo hapo hodi. Mwenyekiti, na faili kwapani! Timu inaondoka alfajiri, kanifuata nisaini. Kamwona Kinda, kafurahi: "Aa, na mtoto wetu yupo!"

Baba: mtoto gani?

Mwenyekiti kwa fahari kafungua faili, katoa cheti kingine. Kumi na sita. Baba kaviweka viwili mezani, kavua miwani, kavaa. Mama kaacha kumimina chai. Baba kanigeukia mimi. "Mwanangu, kazi yako si ndiyo hii? Haya tuambie. Huyu ana miaka mingapi?"

Nikasema tumbo linaniuma.

Nje ya mlango wako wote sasa. Mdogo wangu ananiita kwa kilio. Kocha anakohoa. Mwenyekiti anauliza kama nina kalamu.

Halafu sauti ya Kinda, karibu kabisa na kitasa, taratibu: "Shemeji, sema tu. Mimi mwenyewe nimechoka. Siku hizi nikiulizwa umri, nauliza kwanza ni nani anayeuliza."

Baba kawaambia wote wakae kimya. Kagonga mara moja. Nimesimama.