Moyo wa Dhahabu Haukufika Jilore

Rafiki yangu Kazungu,

Tangu tukuzike, mkeo hajambo, kwa namna watu wasemavyo hawajambo. Mto Sabaki umeshuka, mamba wamerudi kwenye mchanga wao. Nishani hukupata.

Sikukuu hii ya Jamhuri, nishani zinapotangazwa, nilikwenda kwako hapa Jilore kusikiliza redio kama tulivyozoea. Unakumbuka nilivyokueleza ngazi za nishani? Moyo wa Dhahabu ndiyo nishani kubwa kuliko zote: daraja la Chifu ni la rais mwenyewe, chini yake Mzee, kisha Morani. Ukacheka, "Kumbe serikali nayo ina wazee. Wa kwetu hata viatu hawana."

Lakini koti ulinunua. Ulipowatoa watu kwenye mafuriko kwa tyubu ya lori, mheshimiwa mbunge wetu alikushika bega mbele ya kamera, akasema taifa halitakusahau. Ukaamini, bwana. Kila Jamhuri ulikaa karibu na redio umevaa koti kwenye joto lile, usije ukatajwa uko kifua wazi.

Mwaka huu wamemtaja shujaa wa mafuriko ya Sabaki. Ni mheshimiwa. Yeye alifika maji yameshapungua, akabebwa mgongoni asilowe soksi. Sasa ana herufi tatu nyuma ya jina. Mkeo alizima redio, akaniuliza, "Shemeji, wewe ulijua hatapewa?" Nikaaga, nikatoka. Nilijua toka siku ya koti.

Basi nikaenda kwa wazee wa Gohu, chama cha wakubwa wetu wa Kigiriama. Nikawaambia, serikali imemnyima, sisi tumchongee kigango, ile nguzo ya kumkumbuka marehemu, asimame kama mtu mkubwa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwani huyu alitulisha lini?"

Ni kweli. Karamu ya kuingilia chama hukuiweza, na kigango ni cha mwanachama. Nyinyi wengine husimamishiwa koko, kigogo kifupi kisichochongwa. Miaka yote tumewacheka wa Nairobi, kumbe na sisi tuna Moyo wetu wa Dhahabu, na mlango wake ni mwembamba vilevile.

Nimekukatia koko la mti mgumu wa mhuhu. Halina uso, halina jina. Mchwa wakilila nitasimamisha jingine. Hilo nakuahidi, maadamu magoti yananibeba. Baada yangu simwoni mtu. Wanangu wameokoka, vigogo hivi kwao ni mashetani.

Lala, ndugu yangu. Huku duniani hukosi kitu.

Wako,
Ngala