Mjomba Niliyemruka

Jumapili, Chanika ya Handeni. Kumekucha na manyunyu, jua likatoka saa nne, na tangu nirudi kutoka Sindeni jana sijataka kuonana na mtu.

Mnaonisoma humu mnamjua Halima, yule dada wa Marekani anayetafuta asili ya ukoo wake. Bibi wa bibi yake alitoka kwetu Sindeni, akapelekwa Somalia akiwa binti mdogo. Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba alinyakuliwa shambani na wafanyabiashara wa watumwa. Mkanipongeza sana.

Nilikuwa najua si kweli.

Jana nilimpelekea Bibi yangu simu huko Sindeni ili aonane na Halima kwa video. Bibi husimulia kwa Kizigua, Halima huniandikia kwa Kiingereza, basi nikajiweka katikati niwe mkalimani. Bibi akaeleza yote bila kuficha. Njaa ilikuwa kali, na enzi hizo mtoto alikuwa wa mjomba wake, baba hakuwa na kauli. Mjomba akamshika mpwa wake mkono mpaka pwani, akarudi peke yake na mtama. Mtama huo ndio waliokula wazee wetu hata sisi tukazaliwa.

Nikatafsiri njaa. Mjomba nikamruka.

Halima akamshukuru Bibi kwa Kizigua safi kuliko changu. Kumbe kule Somalia hawakuiacha lugha, wakaenda nayo mpaka Marekani. Mimi niliye hapahapa Handeni naongea Kiswahili na wanangu, na miezi yote hii sikufikiria hata kumuuliza kama anaijua.

Akanigeukia mimi. "Kaka, mjomba mbona umemwacha?"

Uso uliniwaka. Mtandao wa Sindeni hukatika kila siku, jana ukagoma kukatika. Nikajitetea kwamba sikutaka kumuumiza, na huo nao ulikuwa uongo. Nilikuwa naulinda ukoo wangu, pamoja na sifa mlizonipa.

Hakugomba. Alisema mama yake mzee amekaa pembeni anasikiliza, na kwamba kwao jina la binti yule halikosi kwenye dua. Sisi kwenye matambiko tunamtaja mjomba. Binti hatujawahi.

"Aliitwa nani huyo mjomba?" Halima akauliza.

Bibi akanitazama, akangoja.

"Mhina," nikasema. "Mimi nimerithi jina lake."

Lile andiko la mwezi uliopita nimelifuta leo asubuhi. Hili naliacha.