Kwa Mama Yetu Kanana, Aliyesema kwa Kihispania Asichotuambia Sisi

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Julai ulipotutoka, katika hospitali moja ya Dallas, Baba akiwa amekushika mguu kwa sababu mikono yako yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Joyceline Kanana, ulikuwa nesi kwa miaka kumi na tisa. Ukirudi nyumbani Grand Prairie kutoka kazini ulivua viatu kwenye gereji ukaketi hapo kidogo, na sote tulijua kwamba hupaswi kusemeshwa mpaka uingie jikoni. Jumapili ulipika chapati hata kama ulikuwa umekesha wodini. Ukisikia mgeni wa kanisa hana kitanda, cha mwanao Rogers ndicho kilichotolewa, bila Rogers kuulizwa.

Nusu ya wagonjwa wako waliongea Kihispania, na wewe hukumpenda mkalimani wa simu. "Mtu analia kwa maumivu, halafu namletea kisimu kimuulize anaumwa wapi," ulikuwa ukisema. Kwa hiyo ulipotuambia unakwenda Guatemala wiki sita, usome Kihispania na kukaa kwa familia ya huko, hatukushangaa sana. Kilichoniuma mimi, binti yako Gakii, ni wakati uliouchagua. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nijifungue hapa Missouri City, mjukuu wako wa kwanza, Shalom.

"Mama, si uje kwangu kwanza? Guatemala itangoja," nilikwambia kwa simu.

"Nisha-apply leave, Gakii. Nikirudi nitakuja."

Ukaenda. Ulitutumia picha ukiwa na doña Vilma, mjane aliyekupokea nyumbani kwake, mmeshika unga wa mahindi mikononi, mnacheka. Jioni ulimpigia Rogers, aliyesoma Kihispania shuleni, naye akakutania kwa vitenzi ulivyokosea. Uliporudi katikati ya Mei ulimsalimia mwanamke wa kulipisha maegesho kwa lugha yake, mkaongea hadi magari ya nyuma yakapiga honi. Baba alisimulia jambo hilo kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Ulikuwa umekonda. Ulisema ni asidi ya tumbo na chakula cha kule.

Mwezi wa Juni ulikuja kwangu, kama ulivyoahidi, siku tisa. Ulimwogesha Shalom, ukanipikia uji wa wimbi, na muda uliobaki ulilala. Siku ya saba nilikuta vyombo havijaoshwa, mtoto analia, nikakwambia, "Mama, ulikuja kunisaidia ama ulikuja kulala?" Uliamka ukaviosha vyombo.

Wiki tatu baadaye ulianguka bafuni. Hospitalini daktari alituketisha, akaanza kwa upole: "Kama mnavyojua, saratani ya kongosho ilikuwa imeenea tulipoigundua Februari, na mama akaamua kutotumia kemo."

Baba akamuuliza, "Februari gani?"

Daktari alitutazama mmoja mmoja, akafunga faili. Wewe ulikuwa huwezi tena kuongea. Ulikaa siku nne, ukaondoka, na hatukukuuliza hata swali moja.

Baada ya mazishi doña Vilma alimpigia Rogers. Tuliketi jikoni, Rogers akitutafsiria. Alisema kila jioni mlifanya mazoezi ya maswali ya hospitali. Yeye akawa mgonjwa, wewe nesi. Unaumwa wapi? Tangu lini? Kuna nani nyumbani? Jioni moja, katika wiki ya pili, mlibadilishana. Yeye akawa nesi, akakuuliza maswali yaleyale kutoka daftari lako, akidhani unajibu kama mchezo. Ulipofika mahali pa "tangu lini" ulisema Februari, na akaona machozi. Akaliacha daftari, akakuuliza kama jamaa zako wanajua.

Ulimjibu hapana.

"Muulize kwa nini hakutupigia," nilimwambia Rogers.

Alisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kutafsiri. "Anasema kila asubuhi alimsihi apige. Mama alimwapisha asiseme. Alisema akituambia, Baba ataacha kuendesha lori, wewe utamfunga mtoto kwenye gari uje mbio Dallas, na nyumba itajaa watu wa kumwombea. Alitaka wiki sita za kuwa mwanafunzi tu."

Mama, ulikuwa na Kimeru, Kiswahili na Kiingereza, na zote tulizielewa. Uliichagua ya nne, ambayo ulikuwa bado unaikosea, ukaenda kumwambia mtu uliyemjua siku kumi.

Watu kanisani wametuambia ulitukinga na uchungu. Uchungu ulikuja vilevile, Mama, ulitukuta tu tukiwa wajinga. Baba ana safari za Houston alizozipenda kuliko kukaa nawe, maana hakujua. Mimi nina sentensi moja kuhusu kulala, niliyokwambia sebuleni kwangu. Ungenipa nafasi ya kutoisema. Ulijua, ukainuka, ukaosha vyombo.

Hatuandiki haya kukuaibisha. Tunaandika kwa sababu kila tukikuombea hili linaingilia sala yetu, na hatutaki kuwa na siri nyingine katika nyumba yako. Tunakupenda. Kusamehe bado tunajaribu, na kuna siku hatujaribu.

Tulipoandika tangazo hili mimi na Baba tulibishana juu ya jina moja. Nilikataa. Baba alisema, "Huyo ndiye peke yake aliyemuuguza Kanana akijua anamuuguza. Mwandike."

Unakumbukwa na mumeo Mwiti. Wanao Gakii na Rogers. Mkwe wako Wanjohi. Dada yako Kagendo. Mjukuu wako Shalom, ambaye sasa anatembea. Na doña Vilma, aliyejua.

Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni, Mama.